Inchi 43, Kona kwa Kona

Jumapili

Luninga yetu imefariki leo jioni. Ilikuwa ya chogo, inchi 21, na imefariki taarifa ya habari ya saa mbili ikiwa ndiyo kwanza imeanza. Picha ilijikunja kutoka juu na kutoka chini, ukabaki mstari mmoja mweupe katikati. Sauti iliendelea. Tulikaa tukautazama mstari mpaka habari za michezo.

Ni TV iliyopitia mengi. Tarehe 31 Desemba 2012, mitambo ya analojia ilipozimwa Dar es Salaam, TV nyingi za mtaani kwetu zilibaki na chenga. Yetu ilipachikwa king'amuzi, ikaendelea na kazi. Miaka ile ile mimi nilihamishwa kutoka masijala ya wazi kwenda masijala ya siri. Hakuna aliyenipachika chochote.

Fundi wa mtaani aliitwa. Alifungua chogo, akapuliza vumbi, akasema kifaa kilichokufa kipo madukani ila hakipatikani. Akatoza 5,000 ya kufungua. Kufunga ilikuwa bure.

Kikao cha familia kilikaa saa tatu usiku. Ajenda ilikuwa moja: mama mkwe anaingia Ijumaa kutoka Tanga, na yeye hakosi tamthilia yake ya Kituruki, ile iliyotiwa sauti za Kiswahili. Mke wangu alipendekeza inchi 55. Mimi nilipendekeza 32. Tukaazimia 43. Kumbukumbu za kikao hazikuandikwa, lakini zinakumbukwa na upande mmoja.

Binti yetu wa kidato cha pili aliomba nafasi ya kuchangia. Alieleza kwamba inchi za TV hupimwa kona kwa kona, wala si upana, kwa hiyo 43 ni kama sentimita 95 ikilala ubavu kwa ubavu, bila kuhesabu fremu. Nilichukua futi nikapima kabati. Nafasi ilikuwa sentimita 90. Mke wangu akasema basi itakaa ukutani. Kabati hilo lilichongwa mahususi kwa ajili ya TV, na seremala alilipwa. Sasa litawekwa vikombe.

Bajeti ni shilingi 600,000, kutoka kwenye kibubu. Kibubu kilivunjwa mbele ya mashahidi. Nyundo ilikuwa ya kuazima.

Jumatatu

Nilitoka kazini nikaenda Kariakoo kwa miguu, fedha zikiwa kwenye simu kwa sababu za usalama. Nilifika Mtaa wa Msimbazi, nikavuka. Sikufika mbali.

Kijana alinishika bega. "Boss wangu, TV, friji, sabufa?" Nilimwambia naangalia tu. Akasema hata yeye anaangalia tu, basi tuangalie pamoja. Huyo ndiye winga. Winga hana duka, hana bidhaa, hana hata kiti. Ana mteja. Leo alikuwa na mimi.

Alinizungusha Mtaa wa Aggrey, akanikatisha vichochoro, akanipandisha ngazi ambazo sidhani ningeziona mwenyewe. Kila duka tulipoingia alitangulia yeye, akamnyanyulia muuzaji nyusi. Baada ya nyusi, inchi 43 ikawa 720,000. Duka la pili nyusi zilinyanyuka zaidi kidogo, ikawa 740,000. Nilianza kuzitazama nyusi badala ya TV.

Mfumo wenyewe ni rahisi. Duka lina bei yake, winga anaongeza cha juu, na hicho cha juu ndicho riziki yake. Muuzaji hapungukiwi. Winga hapungukiwi. Anahitajika mtu mmoja tu wa kupungukiwa, naye hutafutwa kuanzia Msimbazi.

Nilimuuliza kwa upole mbona bei ziko juu. Alisema ni tangu soko liungue. Soko kubwa la Kariakoo, lile alilolisanifu Beda Amuli, liliungua Julai 2021. Nilimuuliza kama TV zilikuwa zikiuzwa mle sokoni, kwenye mboga na nafaka. Akafikiri. Akasema hapana, lakini moshi ulifika.

Nilimwambia naenda kutoa fedha. Nikazunguka mtaa mzima, nikarudi peke yangu kwenye lile duka la kwanza. Muuzaji alinikumbuka. Bei nayo ilinikumbuka.

Daladala ya Segerea ilijaa kabla haijasimama. Nilisafiri nikiwa nimeinama chini ya paa, sikio langu likiwa karibu na spika. Nilipofika nyumbani mke wangu aliuliza nimeona nini. Nilisema nyusi.

Jumanne

Mwenzangu wa masijala ni mtu wa kuzijua TV. Alinipa somo wakati wa chai. Usinunue TV kwa video ya duka, alisema. Maduka yote huonyesha kasuku. Kasuku anapendeza hata kwenye TV mbovu. Nenda na video yako, tena iwe ya usiku, ukumbini, taa hafifu, watu wetu wakiwa wamevaa suti nyeusi. Hapo ndipo kioo kinapoumbuka. Chai aliinywa yangu.

Nilibeba flashi yenye harusi ya shemeji yangu.

Duka la kwanza lilikataa kuwasha. Muuzaji alisema TV mpya haiwashwi, ikiwashwa imeshatumika. Nilimuuliza nitajuaje kama inawaka. Akasema ndiyo maana kuna waranti. Nilimuuliza kama waranti naweza kuiona. Akasema iko ndani ya boksi, na boksi likifunguliwa TV imeshatumika.

Duka lililofuata waliwasha. Bwana harusi alitokea akiwa wa kijani. Muuzaji alibonyeza rimoti, ambayo ilikuwa bado imefungwa nailoni, akamfanya wa zambarau. Akaniuliza ni rangi ipi iliyo karibu na ukweli. Nilisema alikuwa mwoga, lakini si kwa kiwango hicho.

Kwingine keki ilionekana vizuri sana, ila waalikwa wa meza za nyuma hawakuonekana kabisa, weusi wa suti umemezana na weusi wa ukuta. Meza za nyuma ndizo za upande wetu.

Halafu kuna suala la 4K. Boksi moja lilikuwa na 4K ya dhahabu, kubwa kama kichwa cha mtoto. Binti yangu alikuwa ameniandikia hesabu kwenye karatasi: 4K ni nukta 3,840 kwa 2,160, HD ya chini ni 1,366 kwa 768, ya kwanza ina nukta karibu mara nane ya ya pili. Niligeuza boksi. Kwenye kona ya chini, kwa maandishi ya ukubwa wa tarehe ya mwisho wa dawa, palikuwa na 1,366 kwa 768. Nilimwonyesha muuzaji. Alisoma kwa utulivu. "Mzee wangu," akasema, "hii inapokea 4K. Haijasema inaonyesha." Ofisini kwetu tuna watumishi wa aina hiyo. Wanapokea.

Kila mahali walinisifia dabo glasi. Hiki ni kioo cha ziada mbele ya kioo chenyewe, kigumu, cha kuhimili mpira wa mtoto na hasira za shabiki. Muuzaji alikigonga kwa funguo kuthibitisha. Kisha akakigonga kwa nguvu zaidi. Nilimwomba asithibitishe tena. Kioo hicho huongeza uzito, na kinaakisi kila kilicho mbele yake. Nilijiona ndani yake kwa ubora wa juu kabisa. Nilikuwa nimechoka.

Kufikia jioni harusi ilikuwa imepata watazamaji. Wabeba mizigo wawili waliweka mizigo chini. Muuzaji mmoja aliuliza msimamizi wa bibi harusi ni nani. Nilisema ni mke wangu. Alikaa kimya, kisha akanipunguzia 10,000. Sikuona sababu ya kuuliza kwa nini.

Neno la mwisho kuhusu T2 na S2, yaani vipokezi vya antena na vya dishi vilivyo ndani ya TV. Niliambiwa TV yenye vitu hivyo haihitaji king'amuzi. Kwa chaneli za bure ni kweli, mradi antena au dishi liwe zuri. Za kulipia zimefungwa, na ufunguo anao mwenye king'amuzi chake. Tamthilia ya mama mkwe ni ya kulipia. Sijawahi kumwona akipenda kitu cha bure.

Jumatano

Shemeji yangu, yule wa harusi, alipiga simu kusema napoteza muda. TV za maana ni mtumba wa Japani. Alinichukua kwa gari lake, ambalo nalo ni la Japani na husema maneno fulani ya Kijapani kila likiwashwa. Tumelipanda miaka. Hatujui linatuonya nini.

TV aliyonipeleka kuiona ilikuwa nzuri, sitaki kusema uongo. Kioo kizuri, chuma kizito, bei chini ya laki tatu. Nyuma pameandikwa volti 100. Ukutani kwangu zinatoka 230. Muuzaji alisema unaweka transfoma. Transfoma aliionyesha. Ilikuwa nzito kuliko TV na ilikuwa ikinguruma bila kuunganishwa na kitu. Menyu yote ilikuwa ya Kijapani. Nilimuuliza nitabadilishaje lugha. Akasema nitazoea.

Jirani yetu, mzee wa Kiunguja, alisikia yote hayo akiwa barazani kwake. Aliniita. "Mwanangu, TV inanunuliwa Darajani." Alinikumbusha kwamba Zanzibar ilikuwa na televisheni, tena ya rangi, tangu 1973, na Bara tuliipata 1994. Huwa ananikumbusha. Miaka hiyo 21 kati ya tarehe hizo mbili huizungumzia kwa sauti ya mtu aliyenisubiri kituoni.

Nilikaa na karatasi. Nauli ya boti kwenda. Nauli ya boti kurudi. Nauli ya boksi. Tofauti ya kodi pale bandarini, maana mzigo unaotoka Unguja huulizwa maswali unapofika Dar. Urojo, kwa sababu huwezi kufika Unguja ukarudi hujala urojo. Kwa hesabu zangu ningeokoa 4,000. Nilimshukuru mzee. Alisema kama ni urojo tu, mkewe anaupika.

Hatukupata TV, tulikula urojo. Mke wangu aliuliza kwa nini sili chakula cha usiku.

Alhamisi

Nilipata TV. Naandika kwa sauti ya kawaida kwa sababu nimechoka kupita kiasi.

Duka liko kwenye mtaa wa nyuma, kati ya duka la vitenge na mtu anayeuza vifungo. Hakuna winga anayelitaka, kwa sababu bei zimebandikwa. Mwenye duka, mama wa makamo, alikuwa anakula wali maharage na hakuinuka. Nilimpa shikamoo, akaitikia kwa kijiko. Inchi 43, nukta 1,920 kwa 1,080, kioo cha kawaida, 560,000. Niliuliza kama naweza kuiwasha. Alisema hiyo ndiyo kazi yake.

Nilichomeka flashi. Bwana harusi alitokea akiwa na rangi yake mwenyewe. Meza za nyuma zilionekana zote. Niliwaona hata wajomba wawili waliosema hawakualikwa.

Yule mama alinipa mashauri mawili bila kuombwa. La kwanza, nikifika nyumbani nipunguze mwanga, maana madukani huwekwa juu kabisa ili TV ishindane na jua la barabarani, na taa za nyuma ya kioo zikichoshwa hivyo huungua mapema. La pili, kioo kikipasuka nisimletee, kwa sababu kioo kitupu bei yake inakaribia TV nzima. Kisha akarudi kwenye maharage. Ni mtu wa kwanza wiki hii aliyenieleza jambo na kunyamaza.

Malipo. Mtandao wa simu ulikuwa chini. Nilikwenda kwa wakala kutoa fedha taslimu, mtandao ulipozinduka. Foleni ilipinda kona. Mbele yangu alikuwepo bwana anayetuma fedha kwa ukoo, akisoma namba moja moja kutoka kwenye daftari, na kila baada ya namba akiuliza jina limekuja la nani. Majina mengine yalikuwa yakimshangaza. Zamu yangu ilipofika, wakala hakuwa na kashi. Alikuwa amempa wa kabla yangu. Wa kabla yangu alikuwa anatuma.

Wakala wa tatu alikuwa nazo. Nilirudi dukani nikiwa na laki tano na sitini mfukoni, nikitembea namna ambayo kila mwizi wa Kariakoo anaitambua. Hakuna aliyejishughulisha. Nadhani uso ulinisaidia.

Kijana wa dukani aliuliza, "Bei ya risiti au bei ya kawaida?" Mama alimtazama tu, kijana akaanza kutafuta mashine. VAT ni asilimia 18 na ukutani palikuwa na kibandiko: ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti. Nilidai. Mashine ilikuwa imeishiwa karatasi. Karatasi ilifuatwa duka la jirani, ambalo nalo lilikuwa limeituma kwa jirani. Risiti ilipotoka ilikuwa imeandika "vyombo". Nimenunua chombo kimoja cha 560,000.

Waranti ni ya miezi 12. Haihusu kioo, radi, maji, umeme uliozidi, umeme uliopungua, wadudu, wala fundi asiyeidhinishwa. Nilimuuliza kijana inahusu nini. Aliisoma upya pande zote mbili. Alisema ninunue gadi ya umeme. Pia alinishauri niitoe risiti kopi mara moja, kwa sababu wino wake hufutika kwa joto, na waranti bila risiti inayosomeka haipo. Nimeweka kopi kwenye faili, nikalipatia namba ya masijala. Ndicho kitu pekee wiki hii nilichokifanya kitaalamu.

Konda wa daladala alisema boksi ni abiria. Nilisema sawa, nitalilipia. Akasema ni abiria wawili. Nilisema sawa. Akasema hata hivyo halipandi. Nikachukua bajaji kwa 15,000.

TV haifai kulazwa, inasafiri ikiwa imesimama. Kwenye bajaji hilo linawezekana kama abiria ndiye atakayelala. Foleni ya Buguruni tuliikaa saa nzima, boksi likiwa limekaa kitini na mimi nimejikunja pembeni nikilikumbatia. Muuza karanga alichungulia ndani, akaliambia boksi pole na safari.

Ijumaa

Fundi wa kupandisha TV ukutani aliahidi saa mbili asubuhi. Saa tatu alikuwa njiani. Saa nne alikuwa hapo karibu. Saa tano aliniuliza nyumba iko wapi. Ofisini nilikuwa nimeomba ruhusa ya asubuhi. Asubuhi ilikwisha tukiwa bado hatujaonana.

Alifika na breketi aliyoniambia ni ya saizi zote. Matundu ya nyuma ya TV yamepishana sentimita 20 kwa kila upande, na breketi ilikuwa ya saizi zote isipokuwa hiyo. Ikatafutwa nyingine kwa 25,000. Ile ya kwanza hairudishwi dukani kwa sababu imeshaonja bisibisi. Inasubiri TV yake kwenye kabati, na vikombe.

Drili iliingia ukutani kwa urahisi ulionitia wasiwasi. Kuta zetu ni za tofali za inchi tano. Tundu la kwanza lilikuwa zuri. La pili lilikuwa zuri. La tatu lilitokea chumba cha watoto. Fundi alichungulia kwa jicho moja, akasema hiyo ni hewa. Hakutoza nyongeza kwa ajili yake.

Ikapanda. Ikanyooka. Tulirudi nyuma hatua chache kuitazama, mimi, fundi na mtoto wa jirani ambaye sikumwona akiingia. Fundi alichukua rimoti, akainyoosha kwa heshima zote. Umeme ukakatika.

Mke wangu aliingia na mama mkwe saa kumi jioni kutoka stendi ya Mbezi, wakiwa na mabegi, machungwa ya Muheza na kuku mmoja hai. Nilitoa shikamoo. "Marahaba mwanangu," akasema, akakaa, akaitazama kwa muda mrefu TV iliyozimwa. "Nzuri," akasema. "Imetulia."

Umeme ulirudi saa mbili kasoro, dakika chache kabla ya tamthilia. Hapo ndipo nilipofahamu tabia ya gadi. Gadi za TV zilikuwa zimekwisha dukani, nikauziwa ya friji, kwa 35,000, nikiambiwa umeme ni ule ule. Gadi ya friji hairuhusu umeme kupita mara moja. Inawasha taa nyekundu, inangoja utulie, inaangalia, inangoja tena. Kwa friji ni busara. Sisi tulikaa safu moja kwenye kochi tukitazama taa nyekundu. Mama mkwe aliuliza kama ndiyo wameanza.

Jumamosi

TV ilipowaka jana usiku haikuonyesha tamthilia. Ilikuwa na maswali. Ilitaka lugha. Ilitaka nchi. Ilitaka intaneti, anwani ya barua pepe, nywila, na kukubali kwangu masharti ya kurasa nyingi ambayo niliyakubali bila kuyasoma, mbele ya mama mkwe, jambo linaloweza kutafsiriwa vibaya. Kisha ikasema ina toleo jipya la programu na italishusha. Ilishusha kwa bando la simu yangu. Bando lilikuwa la wiki. Lilikwisha ikiwa asilimia 71.

Leo asubuhi binti yangu alimaliza mchakato kwa bando la mama yake, akaunganisha king'amuzi. Kifurushi kilikuwa kimekwisha. Nililipia. King'amuzi chetu ni cha tangu enzi ya chogo na kinatoa nyaya tatu tu, nyekundu, nyeupe na njano. TV mpya inapendelea HDMI, ila kwa nyuma ilikuwa na tundu dogo la kuhurumia wazee.

Picha ikatokea. Picha ya king'amuzi imezoea kioo cha karibu mraba, na kioo kipya ni cha mstatili mrefu, kwa hiyo kila kitu kilivutwa kujaza pande. Waturuki wote walikuwa wamenenepa. Mashavu yalikuwa yamejaa, mabega mapana, magari mafupi na mapana. Hata yule binti mgonjwa wa kifua, anayekaribia kufa tangu mwaka jana, alikuwa na kidevu cha pili.

Nilipata rimoti, nikaingia kwenye menyu, nikatafuta vipimo vya picha, nikaweka 4 kwa 3. Wakapungua papo hapo, na pande mbili za kioo zikabaki nyeusi. Nilikuwa nimefanya jambo sahihi bila msaada wa mtu.

Mama mkwe aliuliza wamepatwa na nini. Nilieleza kuhusu uwiano. Alisikiliza hadi mwisho, kwa heshima. Akasema nirudishe kama mwanzo, walikuwa na afya.

Nimerudisha. Watoto wanasikiliza kupitia tundu la tatu la ukutani.

Jumapili

Wageni walianza kuja baada ya ibada. Rasmi walikuja kumsalimu mama mkwe. Walimsalimu wakiwa wameelekea ukutani.

Wa kwanza aliuliza bei. Nilisema 560,000. Alisikitika. "Ungeniambia. Nina mtu wangu Kariakoo." Wa pili aliuliza, nikasema 520,000, ili kupunguza msiba. Naye alikuwa na mtu wake Kariakoo. Kila aliyeingia leo ana mtu Kariakoo. Wiki nzima nilikuwa Kariakoo sikukutana na hata mmoja wao.

Kufikia saa saba mchana nilikuwa nimeinunua kwa 450,000. Kufikia saa tisa, 400,000. Mke wangu alikuwa jikoni anasikia, na kila bei ilipotajwa sufuria ililia. Mama mkwe hakusema kitu. Aliniongezea chai.

Jioni alikuja balozi wetu wa nyumba kumi, mzee ninayemheshimu sana, mtu aliyenipa barua ya utambulisho mara zote nilizoihitaji. Aliitazama TV. Akaenda karibu, akatazama tena. Akaniuliza. Nilisema 380,000. Nilitazamia masikitiko. Badala yake alitikisa kichwa kwa kuridhika, akasema nimejitahidi, kwa mara ya kwanza mtaa una mtu anayejua kununua.

Aliaga, akaondoka. Baada ya kama nusu saa alirudi na bahasha. Ndani mna 380,000, zimehesabiwa, zimefungwa kwa raba. TV yake nayo ni ya chogo na ina wasiwasi. Anaomba kesho nikitoka kazini nimpitie dukani kule kule, nimchukulie kama hiyo hiyo, inchi 43.

Nilipokea kwa mikono miwili. Amenikumbusha nisisahau risiti.